Kasarani Haikutulinda

Kila shambulio la kigaidi linapotokea Kenya, kabla hata jamaa hawajamaliza kutambua maiti wao, kauli ile ile husikika bungeni, redioni na kwenye matatu: serikali imelegea mno. Mtaa uzingirwe, watu wasombwe, wasio na karatasi warudishwe kwao. Asiye na hatia atajieleza huko mbele. Ukithubutu kutaja sheria, unaulizwa kwa nini unawahurumia wauaji kuliko waliouawa.

Wanaosema hivyo wengi wao ni watu wema wenye uchungu wa kweli, ndiyo maana imani hii haing'oki kwa urahisi. Naipinga kwa sababu imetugharimu maisha. Kukamata watu kwa jumla hakumzuii gaidi. Kunamfunga mdomo mtu ambaye angetuambia anakotokea.

Mwezi Machi 2014 waumini sita waliuawa ndani ya kanisa huko Likoni, na siku chache baadaye maguruneti yakaua watu wengine sita Eastleigh. Mwanzoni mwa Aprili serikali ikaanzisha operesheni iliyoitwa Usalama Watch. Maelfu ya polisi walimwagwa Eastleigh na mitaa mingine yenye Wasomali wengi. Milango ikagongwa usiku, watu wakapakiwa kwenye malori, na takriban 4,000 wakakamatwa, wakiwamo Wakenya wenye vitambulisho mfukoni. Vituo vya polisi vilipofurika, uwanja wa michezo wa Kasarani ukageuzwa mahali pa kuwachuja. Mamia walipandishwa ndege hadi Mogadishu, wengine wakapelekwa kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab na Kakuma. IPOA, mamlaka iliyoundwa kisheria kuwachunguza polisi, iliikosoa operesheni hiyo.

Gaidi gani alipatikana? Mashtaka yaliyofuata yalihusu zaidi uhamiaji: mtu hana kibali, au kibali kimekwisha muda. Na kila mkazi wa Eastleigh anajua kilichokuwa kikiendelea pembeni. Polisi walikuwa wakiwaita Wasomali "ATM", na wiki zile mashine hiyo haikupumzika. Tuliangalie jambo hili kwa upande wa usalama tu, tuache utu kando kwa dakika moja. Msako ambao mtu hujinunua na kutoka humbakiza ndani mchuuzi wa chai asiye na elfu tano, na humwachia mwenye fedha. Mtu aliyetumwa kuua Nairobi hatumwi mikono mitupu.

Miezi miwili baada ya Kasarani, zaidi ya watu 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani. Novemba mwaka huo huo abiria 28 wakatolewa kwenye basi Mandera na kuuawa. Mwezi wa Desemba Bunge, katikati ya vurugu na makelele, likapitisha sheria kali za usalama, na Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vifungu vinane kwa kuwa vilikiuka Katiba. Wapenda mkono mzito walilia kwamba majaji wamewafunga polisi mikono. Tarehe 2 Aprili 2015 wauaji wanne wa Al-Shabaab wakaingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi waliokuwa bado kitandani.

Hakuna kifungu kati ya vile vinane ambacho kingewaokoa. Tahadhari kuhusu vyuo ilikuwa imetolewa siku kadhaa kabla. Kikosi maalumu cha polisi cha Recce, kilichofunzwa kwa kazi hasa kama hiyo, kilikuwa kambini kikihangaikia usafiri, na kilifika Garissa mchana, saa nyingi baada ya risasi za kwanza. Kilipoingia bwenini hakikukawia kumaliza kazi. Kilichokosekana siku ile ni ndege na mtu wa kutoa amri. Hayo hayapatikani kwa kuwarundika kina mama wa Eastleigh uwanjani.

Lakini kuna jambo moja la Garissa linalonikosesha usingizi zaidi ya ucheleweshaji ule. Mmoja wa wauaji alikuwa kijana Mkenya, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu katika kaunti ya Mandera. Msemaji wa Wizara ya Mambo ya Ndani alieleza baada ya shambulio kwamba baba alikuwa ameshaiarifu serikali kuwa mwanawe haonekani, na kwamba anahofia amevukia Somalia. Tafakari hatua hiyo ilikuwa na uzito gani. Mzazi anampeleka mwanawe wa kumzaa mikononi mwa dola, akijua dola hiyo huwatendaje vijana wenye jina kama la mwanawe. Aliweza labda kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa chifu, mtu wa serikali. Mchunga ngamia wa Elwak, au mama anayeuza mahamri Majengo, Mombasa, angeenda wapi?

Pwani watu wanajua jibu. Mwaka 2016 shirika la Haki Africa la Mombasa lilitoa ripoti iliyoorodhesha visa 81 vya watu waliouawa au kutoweka mikononi mwa vyombo vya usalama, kwa madai ya kupambana na ugaidi, tangu 2012. Ndani ya kila kisa kuna mama anayezunguka kituo hadi kituo, kisha chumba cha maiti hadi kingine. Na jirani yake anamtazama. Siku mtoto wa jirani huyo akianza kubadilika, akiacha msikiti wa babake na kupokea simu usiku, je, atakwenda polisi? Atamficha, atamsafirisha kwa mjomba wake Tanga, ataomba Mungu. Atafanya kila kitu isipokuwa kile tunachohitaji afanye.

Hapo huja hoja kubwa ya wapenda mkono mzito: mahakama zinawaachilia magaidi. Wanamtaja Aboud Rogo, mhubiri aliyefutiwa mashtaka mwaka 2005 kuhusiana na shambulio la bomu kwenye hoteli ya Kikambala, kisha akaendelea kuhubiri vita. Ni kweli, mahubiri yake yalikuwa sumu, na waliomsikiliza wakavuka mpaka wapo. Lakini kesi ilianguka kwa udhaifu wa ushahidi, na dawa ya ushahidi dhaifu ni upelelezi bora. Agosti 2012 Rogo alipigwa risasi ndani ya gari akiwa na familia yake, na hadi leo hakuna aliyefungwa kwa kifo hicho. Mombasa ikawaka kwa siku kadhaa, makanisa yakashambuliwa. Kanda zake hazikuzikwa naye. Zilienea, sasa zikiwa za shahidi. Mtu ambaye angeweza kubishiwa na masheikh wenzake akawa hawezi tena kubishiwa.

Wengine husema: mbona mashambulio makubwa ya mijini yalipungua baadaye? Nguvu si imefaulu? Swali hili ni la haki, na jibu lake liko Kaskazini Mashariki. Baada ya Garissa serikali ilimteua Mohamud Saleh, balozi wa zamani na mtu wa jamii ile ile, kuwa mratibu wa usalama wa eneo hilo. Alikaa na wazee, maimamu na wafanyabiashara, akajenga njia ya watu kupeleka habari bila kuadhibiwa kwa kuzileta. Mashambulio hayakwisha, hasa kandokando ya mpaka, lakini mji wa Garissa uliokuwa ukipigwa mara kwa mara ulipata utulivu ambao malori ya polisi hayakuwahi kuuletea. Sisemi bunduki haina kazi. Aliyeshika AK-47 mlangoni mwa bweni anahitaji Recce. Nasema bunduki huja mwisho wa safari ndefu, na safari hiyo huanza kwa mtu kuamini kwamba akisema hataumizwa.

Desemba 2015 basi lingine lilisimamishwa Mandera, na wavamizi wakaamuru Wakristo watengwe. Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake waliwavika wenzao hijabu, na mwalimu mmoja Mwislamu aliyepigwa risasi katika tukio lile akafariki mwezi uliofuata. Hao ndio watu ambao mwaka mmoja na nusu kabla tulishangilia walipokuwa wakisombwa kwenda Kasarani.

Na tukizungumzia sura: aliyehukumiwa kifungo cha maisha kwa mashambulio ya maguruneti Nairobi mwaka 2011 alitoka Magharibi mwa Kenya. Mmoja wa waliohukumiwa kwa Garissa alikuwa Mtanzania. Mmoja wa walioshambulia hoteli ya DusitD2 Januari 2019, ambako watu 21 waliuawa, alikuwa mwana wa mwanajeshi, naye alipanga nyumba Kiambu kati ya majirani wasiomshuku. Msako wa kutazama pua na nywele ungewapita wote watatu.

Mambo haya hayakuanza na Al-Shabaab. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, wakaanikwa juani siku kadhaa, wengi wakauawa. Serikali ilishikilia miaka mingi kwamba waliokufa ni 57, idadi ambayo Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliona ni ndogo mno. Wajukuu wa Wagalla ndio walioona watu wao wakijazwa tena uwanjani mwaka 2014.

Tangu 1998, watu zaidi ya 200 walipouawa penye ubalozi wa Marekani Nairobi na wengine Dar es Salaam siku ile ile, tumekuwa na muda wa kutosha wa kujifunza. Shambulio lingine likija, ile kauli itarudi, na mswada mwingine utaletwa bungeni kwa haraka. Kila mbunge atakayeuunga mkono aulizwe swali moja kabla ya kupiga kura: sheria hii ikipita, mzazi wa Mandera atakayeona kitanda cha mwanawe kitupu asubuhi atampigia chifu simu upesi zaidi, au ataizima?