Usiigonge chapa ya 1915



Juzi Mji wa Kale nilionyeshwa darubini ya shaba, imegongwa chapa "1915". Muuzaji akaniapia ni ya vita. Lakini skrubu zilikuwa mpya, na ule weusi wa "uzee" ulinibaki kidoleni.

Nikatembea hadi Fort Jesus. Pale upo mzinga wa vita hivyo hivyo, wa manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja mwaka 1914, nayo ikaishia Rufiji 1915. Mzinga huo haukupakwa uzee. Unajulikana ulikotoka.

Maoni yangu ni haya: nakala si dhambi. Fundi akiniambia "hii nimeitengeneza mwaka huu", nitainunua kwa bei yake. Dhambi ni ile chapa. Soma Mithali 11:1.

Nasi watumishi tusijitoe. Ushuhuda wa kuazima na upako wa kuigiza tunavitoa kama vya kweli, na anayelipa ni mjane aliyetuamini.

Mpendwa, kama imani yako ni ya jana, sema ni ya jana. Mungu anaipokea hivyo hivyo. Usiigonge chapa ya 1915.