Dawa ya Macho na Saumu

Tulikwenda Silibwet, Bomet, kwenye mashamba ya chai, kumzuru binti yetu daktari, tukamkuta akidurusu kwa mtihani wa ubingwa wa macho. Akatuuliza swali lisilomo vitabuni mwake: “Baba, mbona akina mama huacha dawa ya presha ya macho Ramadhani?” Tukanyamaza, kwani mimbarini hatukulieleza kamwe. Maradhi hayo huudhuru mshipa wa fahamu wa jicho kimyakimya, na nuru iliyopotea hairudi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, dawa ya kutia jichoni haibatilishi saumu, hata ladha yake ikihisika kooni. Basi itieni kwa wakati wake. Binti ana mtihani wake. Huu ndio wetu.