Kwenye theluji, mimi nafunga kwa mkono

Jamaa yangu mmoja anaishi Oslo, huu ni mwaka wake wa tisa. Ni Simba damu. Siku ya dabi hapokei simu ya mtu, hata ya bosi wake. Akinitumia meseji usiku wa manane huwa sishtuki, najua ni habari za usajili.

Februari mwaka jana nilipita kwake. Tulipiga stori za mpira mpaka usiku mkubwa. Tukamjadili Erling Haaland. Tukaijadili Bodø/Glimt, timu ya mji mdogo kaskazini kabisa mwa Norway, ambayo mwaka 2021 iliichapa Roma ya Jose Mourinho mabao 6-1. Asubuhi yake, Jumapili, ndipo nilipogundua kuwa jamaa ana tatizo ambalo mpira hauwezi kumsaidia.

Binti yake wa miaka minane alivaa koti, akabeba skii zake begani, akaondoka na familia ya jirani. Baba mtu akabaki sebuleni na remoti.

"Wewe huendi?" nikamuuliza.

"Nilishajaribu mara moja. Basi."

Usidhani kule skii ni mchezo wa matajiri. Treni ya kawaida ya mjini inakupandisha mpaka kituo cha Frognerseteren, na ndani yake watu wamesimama na skii zao kama sisi tunavyobanana na ndoo kwenye daladala. Ukishuka tu, msitu wa Nordmarka huo hapo mbele yako. Asiyejua skii kule ni kama mtoto wa Temeke asiyejua mpira. Hakuna anayemtukana, lakini Jumapili anakaa pembeni. Jamaa yangu alikuwa anakaa pembeni huku binti yake anakua bila yeye.

Nikamwambia azitoe hizo skii stoo nizione. Akazitoa, mpya kabisa, zina vumbi. Tatizo lilikuwa pale pale juu, kwenye kifungio.

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana sisi wa mpira skii tunazoziona kwenye televisheni ni zile za kuporomoka kutoka milimani. Zile buti linafungwa mbele na nyuma. Hizi ninazozungumzia ni skii za nyikani, za kwenda masafa marefu, tambarare, kupanda na kushuka. Hapa kinachofungwa ni ncha ya buti peke yake. Kisigino kiko huru, kinanyanyuka kila hatua kama unavyokimbia. Chini ya ncha ya buti kuna kipande cha chuma chembamba kilicholala kwa upana, na hicho ndicho kinachoshikwa na kifungio. Ukisukuma, ukikata kona, ukifunga breki, nguvu yote inapita kwenye hicho kichuma. Kikichomoka, umebaki na mguu mmoja.

Wanorway wanalijua hilo siku nyingi. Kifungio chao maarufu, Rottefella, kilibuniwa na Bror With mwaka 1927, na jina hilo maana yake ni mtego wa panya. Kazi yake ni ile ile ya mtego. Kikikamata, kimekamata.

Siku hizi dukani utakuta vya aina mbili. Cha kwanza ni otomatiki. Unaweka ncha ya buti juu yake, unakanyaga, kinalia "kwa!", umeingia. Ukitaka kutoka unabonyeza kitufe kwa ncha ya fimbo yako. Huinami hata kidogo. Cha pili ni cha mkono. Unainama, unanyanyua kimlango kwa kidole, unalaza kichuma mahali pake, unabana mwenyewe. Kutoka nako unainama tena.

Muuzaji alimwambia jamaa yangu achukue otomatiki kwa sababu yeye ni mgeni wa mchezo, na mgeni anataka urahisi. Ushauri huo unasikika vizuri. Mimi sikubaliani nao.

Mimi sio mtaalamu. Nimesimama juu ya skii siku nne tu maishani mwangu, na nimeanguka siku zote nne. Lakini nimeuliza, nimeshika, nimejaribu vyote viwili. Na nimesikiliza kilichompata mwenzangu.

Siku ile alitoka kwenye gari lenye joto na buti zake zikiwa zina joto. Akatembea hatua kadhaa kwenye theluji. Theluji ikayeyuka chini ya buti, halafu baridi ikaigandisha tena, ikawa barafu imejishindilia kuzunguka kile kichuma. Akakanyaga kifungio. Mguu wa kulia ulikubali. Wa kushoto ukagoma, akakanyaga tena na tena kama anaua mende, mwisho ukalia "kwa!" Akaondoka. Kwenye tambarare hakuona kitu. Ulipofika mteremko wa kwanza, akapinda mguu ili apunguze kasi, na skii ya kushoto ikachomoka. Kichuma kilikuwa kimeshikwa nusu. Skii ikatangulia peke yake mpaka chini, yeye akafuata kwa tumbo. Watoto wa darasa la binti yake walikuwa wamesimama pale pale.

Goti lilivimba wiki nzima. Lakini aliniambia kuwa goti halikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba binti hakucheka na wenzake. Aligeuka akatazama pembeni.

Ndio maana nasema nipeni cha mkono. Kifungio cha mkono kikiwa na barafu ndani, mara nyingi kimlango hakishuki. Kinakugomea pale pale, umesimama, fimbo zote mbili ziko chini. Unasafisha, unarudia. Huyo ni mshika kibendera anayenyanyua mapema, unakasirika kidogo, mchezo unaendelea. Otomatiki ikikubali nusu inakuacha ushangilie kwanza, uvue jezi, ukimbilie kwenye kibendera cha kona. Halafu VAR inafuta bao. Sisi mashabiki tunajua ni maumivu gani yanauma zaidi.

Kuna jambo la pili. Cha mkono unakiona. Umekiweka mwenyewe, umekibana mwenyewe, kidole kimehisi. Mgeni wa mchezo anahitaji hilo kuliko mzoefu. Mzoefu akikanyaga otomatiki, mguu wake unajua kama imeshika au haijashika, amefanya hivyo tangu utotoni. Mgeni hajui. Yeye anausikiliza mlio tu, na mlio unaweza kumdanganya.

Watazame na wanaoshindana. Vifungio vinavyotengenezwa kwa ajili ya mashindano kwa kawaida ni vya kufunga kwa mkono. Ni vyepesi zaidi na havina springi nyingi za kukanyagia. Ni kama njumu. Mwaka 2016 Adidas walileta njumu zisizo na kamba, Mesut Özil akazivaa, tukaambiwa kamba zimepitwa na wakati. Leo tazama uwanja wowote, wachezaji wengi bado wanainama kufunga kamba kabla ya filimbi. Wanataka kuhisi mguu umekaa.

Sasa niwe mkweli, maana otomatiki nayo ina watu wake. Mtu mwenye mgongo mbovu asiinamishwe kwenye barafu kwa sababu ya makala yangu. Mama mjamzito vilevile. Mzee ambaye vidole vyake vimekakamaa, kile kimlango kidogo kitamtesa, hasa akivua glavu kwenye baridi kali. Na mwalimu mwenye watoto ishirini wa chekechea hawezi kuinama mara arobaini. Hao wachukue otomatiki kwa amani. Theluji ikiwa kavu na njia ikiwa imetengenezwa vizuri, watafurahi.

Lakini jamaa yangu ana miaka thelathini na nane. Kila Jumamosi anacheza beki mbili na Waafrika wenzake na anainama kufunga kamba bila kulalamika. Kumuuzia urahisi ambao hauhitaji ni kumuuzia tatizo.

Watu watasema, sisi Waafrika Mashariki na skii wapi na wapi? Waulize Wakenya. Philip Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800, nyumbani kwao ni upande wa Eldoret. Akachukuliwa kwa udhamini wa Nike, akaenda Finland kujifunza skii za nyikani, mchezo ambao alikuwa hajawahi kuucheza. Miaka miwili baadaye, 1998, alikuwa kwenye Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japan, Mkenya wa kwanza kufika hapo. Alishindana kilomita 10. Akamaliza wa 92, wa mwisho kati ya waliofika, dakika 20 nyuma ya mshindi.

Mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norway, mmoja wa wakubwa kuliko wote katika mchezo huo. Sherehe ya medali ilikuwa inamngoja. Yeye akakataa kuondoka, akasimama kwenye mstari wa mwisho mpaka Boit alipofika, akamkumbatia. Boit alirudi nyumbani, na baadaye mwanawe akampa jina la Daehlie.

Huwa naikumbuka hadithi hiyo kwa sababu moja. Dæhlie hakumngoja Boit kwa sababu ya kasi yake. Alimngoja kwa sababu alikuwa bado anakuja. Kwenye mchezo huu heshima ya kwanza ni kufika, na mtu ambaye skii imemtangulia chini ya mlima hawezi kufika, hata awe na mapafu ya Eldoret.

Kwa hiyo ukiwa Oslo, Helsinki, Stockholm au Toronto na unasoma ukurasa huu kwenye simu, nisikilize. Chukua cha mkono kama mgongo na vidole vinaruhusu. Kabla ya kulipa, hakikisha buti na kifungio ni vya mfumo mmoja, maana ipo mifumo ambayo haiingiliani na ukichanganya utarudi dukani. Jaribu kukifungua na kukifunga ukiwa umevaa glavu zako, pale pale dukani. Ukifika msituni, ziache buti na skii zipoe kwanza nje. Gonga chini ya buti kwa fimbo mpaka theluji yote idondoke. Funga. Halafu nyanyua mguu, utikise kwa nguvu kabla hujaondoka. Ukiwa na otomatiki fanya hayo yote mara mbili.

Tulifanya hivyo. Jumamosi iliyofuata jirani alituazima skii zenye vifungio vya mkono. Jamaa aliinama, akalalamika kidogo, akafunga, akatikisa mguu kama kipa anayepasha. Tukaenda. Alianguka mara sita, mimi niliacha kuhesabu zangu. Lakini kila alipoanguka aliinuka na skii zote mbili zikiwa miguuni.

Kwenye mteremko ule ule binti alitangulia. Akafika chini, akageuka, akasimama. Safari hii hakutazama pembeni. Alikuwa anamngoja baba yake.