Siku 28 hazitoshi jamani

Bumu halijatoka, mvua inanyesha, na nimekesha nabishana na rumeti wangu anayesoma uhandisi wa migodi. Mtanivumilia.

Mwaka 2017 nchi nzima tulijifunza neno makinikia. Sawa. Ila yale marudio, ule unga wa mawe unaobaki dhahabu ikishatolewa, nani aliuliza yanaenda wapi? Mengine yanarudi chini. Bulyanhulu, mgodi ulioanza uzalishaji 2001, ni mmojawapo uliotumia njia hiyo. Marudio yanapunguzwa maji, yanatiwa saruji kidogo (kwa kawaida asilimia 3 hadi 7), yanasukumwa kwa bomba mpaka kwenye pango lililokwisha chimbwa. Yakishaganda, watu wanachimba mwamba wa jirani, na ukuta wao wa upande mmoja ni hilo tope.

Sasa ukuta huo si zege. Zege la nyumba ni megapaskali 20 au 25, huu mara nyingi 1 au 2 tu. Kwa kazi yake inatosha, hapo sina ubishi.

Ubishi uko kwenye kupima. Rumeti anasema unatengeneza vipande vya mfano, unavivunja kwenye mashine siku ya 7, ya 14, ya 28, vikifaulu basi. Mimi mwalimu mtarajiwa wa kemia nikaruka! Marudio yenye pairaiti yakipata hewa na maji yanatoa asidi na salfeti. Salfeti inaivamia saruji, zinaota fuwele zinazovimba na kuipasua kwa ndani. Imeshaonekana maabara: nguvu inapanda wiki za mwanzo, halafu miezi inayofuata inashuka. Na dhahabu ya Bulyanhulu imekaa na madini ya salfa, ndiyo maana kukawa na makinikia.

Sisemi mgodi fulani haupimi vizuri. Nasema kwa marudio ya aina hii, mchanganyiko wowote upimwe mapema mpaka siku ya 90, hata 180, ndipo uaminiwe. Rumeti anadai mgodi hausubiri. Sawa, lakini anayechimba pembeni ya ukuta huo mwezi wa nne anategemea nguvu ya mwezi wa nne, si ya siku ya 28.

Mwishowe amekubali kutenga vipande 6 vya mradi wake. Tutavivunja siku ya 180, nikisharudi kutoka mazoezi ya kufundisha. Soda iko mezani.