Michoro ya Hifadhidata: Tuchague Chombo Kitakachobaki Mikononi Mwetu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga walisema hivyo kabla kompyuta hazijafika kwetu, na leo daftari lenyewe limekuwa mali. Ofisi inayorithi hifadhidata bila mchoro wake imerithi nyumba ya vyumba mia na shada la funguo lisilo na alama. Nyumba inakalika na taa zinawaka, lakini siku bomba litakapopasuka hakuna ajuaye limepita wapi. Jambo hili tunapenda kulijadili na wasomaji wetu wa Mwello, wa Tororo, na wa Busia zote mbili, kwa maana hapa mpakani takwimu husafiri kila siku kama watu wanavyosafiri.

Tuchukue mfano wa afya. Kenya ilieneza mfumo wa takwimu uitwao DHIS2 nchi nzima mwaka 2011, na Uganda ikafuata mwaka 2012. Mfumo huo, ambao chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, ni programu huria, na takwimu zake hutunzwa katika hifadhidata ya PostgreSQL. Zahanati ya Tororo hujaza fomu ya HMIS 105 kila mwezi. Ng'ambo ya mpaka, zahanati ya Busia ya Kenya hujumlisha wagonjwa wake katika fomu ya MOH 705. Mbu hana pasipoti, wala mama mwenye mtoto mgonjwa haulizi kwanza zahanati iliyo karibu ni ya serikali ipi. Wakuu wa afya wa pande mbili wakitaka kulinganisha hesabu za malaria, hawana budi kuulizana: nambari hii imekaa wapi, na imefungamana na nini?

Swali hilo hujibiwa kwa mchoro. Mwaka 1970 Edgar Codd wa kampuni ya IBM alieleza namna ya kupanga taarifa katika majedwali yanayohusiana. Mwaka 1976 Peter Chen akaonyesha namna ya kuchora uhusiano wa vitu hivyo, hata mtu asiyeandika programu akauelewa kwa macho. Katika michoro ya siku hizi, kila jedwali ni sanduku, na kila uhusiano ni mstari unaounganisha masanduku mawili. Zipo programu ambazo huisoma hifadhidata iliyokwisha kujengwa na kuuchora muundo wake zenyewe. Basi shabaha yetu ni kuchagua, na katika kuchagua tunapendekeza maswali matano.

Swali la kwanza: je, chombo hicho kinazungumza na hifadhidata tuliyo nayo? MySQL Workbench ni chombo kizuri, lakini kazi yake ya kuchora muundo uliopo ni kwa ajili ya MySQL. Mwenye PostgreSQL akikipakua kwa sababu rafiki amekisifu, atakuwa amenunua kasia ilhali safari yake ni ya nchi kavu. Kwa PostgreSQL ipo pgAdmin, ambayo tangu mwaka 2021 ina sehemu ya kuchorea michoro. DBeaver nayo inafahamiana na hifadhidata za aina nyingi, na toleo lake la jumuiya halilipiwi.

Swali la pili: je, kinachora kilichotangazwa, au kinakisia? Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mstari katika mchoro hutokana na ufunguo wa kigeni, yaani tamko ndani ya hifadhidata kwamba safu hii inataja jedwali lile. Kama mjenzi hakutangaza funguo hizo, programu itatoa masanduku yasiyo na mstari hata mmoja, na lawama itaiangukia programu ilhali kosa ni la mjenzi. SchemaSpy huweza kukisia uhusiano kwa kulinganisha majina ya safu. Msaada huo ni mkubwa, lakini una mpaka wake. Katika DHIS2, safu inayotaja kituo cha afya ndani ya jedwali la takwimu huitwa sourceid, wakati jedwali la vituo huitwa organisationunit. Majina hayo hayafanani hata kidogo. Bila ufunguo uliotangazwa, mwenye kukisia kwa majina angeupita uhusiano muhimu kuliko wote. Kwa hiyo tutake chombo kinachotofautisha waziwazi mstari wa hakika na mstari wa dhana.

Swali la tatu: je, mchoro unasomeka? DHIS2 ina mamia ya majedwali. Ukiyachora yote katika karatasi moja utapata utando wa buibui ambao hautamfaa mtunza kumbukumbu wala mwenye mfumo. SchemaSpy hutoa kurasa zinazofunguka katika kompyuta bila intaneti, na kila jedwali lina ukurasa wake unaoonyesha majirani zake tu. Kwa ofisi ambayo mtandao wake huja na kutoweka, sifa hiyo ina uzito kuliko rangi za kupendeza.

Swali la nne: je, kazi inaweza kurudiwa bila taabu? Hifadhidata hukua. Mchoro uliopangwa kwa mkono mwaka juzi ni picha ya mtoto ambaye sasa ni kijana. Chombo kinachoendeshwa kwa amri moja kinaweza kuchora upya kila toleo jipya la mfumo linapoingizwa, hata kama fundi wa kwanza amekwisha kuhama.

Swali la tano: je, siri za wananchi zitabaki salama? Uganda na Kenya zote zilitunga sheria za kulinda taarifa za watu mwaka 2019. Kuchora muundo hakuhitaji jina la mgonjwa hata mmoja. PostgreSQL ina njia ya kutoa nakala ya muundo peke yake, bila takwimu ndani. Nakala hiyo ndiyo ya kuchorea. Kumkabidhi mchoraji nywila ya msimamizi mkuu, au kupeleka muundo wa mfumo wa serikali katika tovuti ya watu tusiowajua, ni uzembe usio na udhuru.

Wako watakaosema kwamba programu za kulipia, kama erwin na ER/Studio, zina uwezo mkubwa zaidi. Hatukatai. Zimetengenezwa kwa wasanifu wanaobuni mifumo mipya kila siku. Lakini ofisi inayotaka kuufahamu mfumo ilionao haihitaji uwezo huo wote, na leseni inayolipiwa kwa fedha za kigeni ikiisha pamoja na mradi, michoro nayo hufungiwa ndani. Kwa hiyo rai yetu ni hii: SchemaSpy itoe kitabu kamili cha muundo, na DBeaver au pgAdmin itumike kwa uchunguzi wa kila siku. Zote tatu hazina ada, na zote zinaweza kufundishwa kwa vijana wetu katika vyuo vya hapa hapa.

Hata hivyo, tusidanganyane kuhusu kazi ya mchoro. Ukichora hifadhidata ya DHIS2 ya Uganda na ile ya Kenya, michoro itafanana kama mapacha, kwa kuwa mifupa ya mfumo ni ile ile. Tofauti zimo ndani ya majedwali: Uganda inamhesabu nani kuwa mgonjwa wa malaria, na Kenya inamhesabu nani, kituo kipi kiko chini ya eneo lipi. Hayo ni maandishi katika safu, na programu ya kuchora haiyaoni. Kwa hiyo mchoro uambatane na kamusi ya vipimo, iliyoandikwa na watumishi wanaojaza fomu na kuzijua.

Sisi wa mpakani tunajua gharama ya mistari inayochorwa na watu wa mbali. Mwaka 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa himaya ambayo baadaye ikawa Kenya, na mpaka uliofuata ukawaacha Wateso na Wasamia pande mbili. Hakuna aliyewauliza. Michoro ya takwimu zetu isipite njia hiyo. Seva ziko mbali na wilaya, kwa hiyo wizara zenye mamlaka juu yake ndizo zenye wajibu wa kuchora, na kisha kuipeleka michoro hiyo Tororo na Busia ikiwa imechapwa na kufafanuliwa. Wataalamu wa mradi wakifunga mizigo yao, mtunza kumbukumbu wa wilaya abaki na ramani mkononi, na awe anaweza kuisoma.