Hakwenda Kuomba, Alikwenda Kufundisha



Mwanamke wa nchi maskini anapokwenda ng'ambo kueleza yanayowapata watu wake, lawama mbili humfuata. Nyumbani husemwa kwamba anaanika aibu ya taifa mbele ya wageni. Huko aendako huambiwa, tena kwa upole, asimulie mateso yake tu, na sababu za mateso hayo awaachie wataalamu. Lawama hizi zaonekana kupingana, kumbe ni za tumbo moja: zote mbili zakataa kumhesabu mwanamke huyo kuwa mwalimu.

Tumtazame Domitila Barrios de Chungara wa Bolivia, aliyezaliwa mwaka 1937, mke wa mchimba madini katika machimbo ya bati ya Siglo XX. Alikuwa mama wa watoto saba. Kila siku aliamka saa kumi alfajiri, akatengeneza mikate midogo ya nyama ipatayo mia moja na kuiuza njiani, kwa kuwa mshahara wa mumewe haukutosha. Wake wa wachimbaji walikuwa wameunda kamati yao mwaka 1961, naye akawa miongoni mwa viongozi wake. Alfajiri ya tarehe 24 Juni 1967, sikukuu ya Kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji, wanajeshi waliwamiminia risasi wachimbaji na jamaa zao kambini mwao. Domitila alipoyashutumu mauaji hayo alitiwa kizuizini. Alipigwa akiwa mjamzito, akajifungulia humo humo, na mtoto akafa.

Huyu ndiye aliyealikwa Mexico mwaka 1975, kwenye baraza la mashirika lililofanyika sambamba na mkutano wa kwanza wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake. Alisimama akaeleza habari za machimbo, mishahara na mauaji. Mjumbe mmoja mwanamke, mwenyeji wa Mexico, akamtaka aache habari za watu wake ili wazungumze kama wanawake tu. Domitila akamwuliza juu ya mavazi yake yaliyobadilika kila siku, dereva wake na nyumba yake, kisha akataka aonyeshwe wao wawili walifanana katika jambo gani. Wapo waliolihesabu swali hilo kuwa utovu wa adabu. Sisi twalihesabu kuwa somo, na pengine lilikuwa somo lililohitajiwa kuliko hotuba nyingi za mkutano ule.

Kwa nini twasema somo? Kwa miaka mingi bati la Bolivia lilisafirishwa likiwa ghafi na kuyeyushwa Uingereza. Mama wa Ulaya aliyefungua kopo la samaki jikoni mwake hakujua lolote juu ya mapafu ya mchimbaji yaliyoharibiwa na vumbi la mwamba. Wasomaji wetu wa Kivu watalielewa jambo hili upesi, maana bati hilo hilo wanalijua katika kasiterite inayotoka kwao. Msikilizaji ambaye maisha yake yamefungamana na machimbo asiyoyajua hana haja ya kulizwa. Ana haja ya kuelezwa. Machozi hukauka kabla hajafika nyumbani, lakini akishaijua njia iliyopitiwa na bati hawezi tena kuisahau.

Na hao wa nyumbani wanaolalamikia aibu? Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa sitini lililokusudiwa kujengwa ndani ya bustani ya Uhuru, Nairobi. Alimwandikia balozi wa Uingereza, akitaka afikirie jengo kama hilo katika bustani ya Hyde Park, London. Bungeni alitukanwa, na wanawake wa chama chake wakaitwa kundi la walioachika. Lakini fedha za jengo lile zilitarajiwa kutoka nje! Wenye fedha walipojitoa, mradi ukafa. Anayekwenda ng'ambo kukopa kwa jina la taifa huitwa mheshimiwa. Anayekwenda kueleza mkopo huo utafanya nini huitwa msaliti. Mizani ya namna hii haifai hata sokoni.

Ni kweli kwamba wapo wafadhili wampendao msemaji anayerudia wanayotaka kusikia. Dawa yake ni kwamba msemaji atumwe na wenzake na awajibike kwao, kama Domitila alivyosema kwa jina la kamati. Tarehe 28 Desemba 1977, wanawake wanne wa machimboni pamoja na watoto wao walianza mgomo wa kutokula mjini La Paz, katika makao ya Askofu Mkuu. Domitila alijiunga nao, na baada ya majuma machache waliogoma walizidi elfu moja, wakiwemo mapadre. Januari 1978 serikali ya kijeshi ya Jenerali Banzer ilikubali kutoa msamaha kwa waliohamishwa nchini kwa sababu za siasa.

Na kusema kwake ugenini kulikuwa na gharama. Julai 1980 alikuwa Copenhagen, kwenye mkutano mwingine wa wanawake wa Umoja wa Mataifa, wanajeshi walipoipindua serikali kwao. Hakuweza kurudi, akaishi uhamishoni Sweden. Baada ya kurejea Bolivia alianzisha shule ya kuhamahama ya kuwaelimisha watu wa mitaa maskini, akafundisha hadi uzeeni. Alifariki Machi 2012.

Viongozi wa walei, sasa tujitazame. Mwaliko ukitoka kwa parokia rafiki ya ng'ambo, mara nyingi huenda mwanamume ajuaye kuhutubu, au mama huchukuliwa ili aimbe, na taarifa ikasomwa na katibu. Barua ya mwaliko ijayo isomwe kwanza mbele ya akina mama wa jumuiya. Wao wamchague msemaji, wao wakubaliane atakayoyasema, na wenyeji waarifiwe mapema kwamba mgeni wao naye atakuja na maswali.