Nyonga bandia ilibuniwa kwa mtu wa kiti na meza. Mkazi wa Kajiado atakaa wapi?

MSAFIRI atokaye Nairobi kwa barabara ya Namanga hufika Kitengela akiwa hajui kama yumo mjini bado au ameingia nyikani. Kando ya barabara kuna majumba ya ghorofa, benki na mafundi wa kuchomelea milango ya vyuma. Mbele kidogo, makundi ya mbuzi na kondoo hupelekwa mnadani na wafugaji waliojifunga shuka nyekundu. Ni katika nyika hizi, karibu na Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, ambako msanii Nani Croze alianzisha karakana ya vioo iliyopata sifa mbali kwa kuyeyusha vioo kuukuu na kuvigeuza kuwa bilauri, taa na shanga.

Ni wachache kati ya wanaonunua bilauri hizo wanaofahamu kwamba kioo kiliwahi kuwekwa ndani ya nyonga ya binadamu ili aweze kutembea.

Mnamo 1923 mjini Boston, Marekani, daktari Marius Smith-Petersen, mzaliwa wa Norway, alitoa kipande cha kioo katika mgongo wa mgonjwa. Kipande hicho kilikuwa kimekaa mwilini kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Alichokiona kilimshangaza. Mwili ulikuwa umekizungushia kioo kile utando mwembamba, laini, wenye majimaji kidogo, unaofanana na ule ulio ndani ya viungo. Akajiuliza: iwapo ajali imeweza kufanya hivi mgongoni, kwa nini daktari asifanye makusudi kwenye nyonga? Akatengeneza vikombe vya kioo na kuvivisha vichwa vya mifupa ya mapaja iliyolika. Vikombe vilivunjika, kama bilauri yoyote ingalivunjika ikikaliwa na mtu mzima. Alijaribu vitu vingine kwa miaka mingi hadi 1938 alipoanza kutumia madini mchanganyiko yaitwayo Vitallium. Aliyempa wazo hilo alikuwa daktari wake wa meno, kwani madini hayo tayari yalikuwa yakitumika vinywani mwa watu.

Kabla yake, mwaka wa 1890, Themistocles Gluck wa Berlin alikuwa amejaribu kutengeneza goti kwa pembe ya ndovu. Pembe ilikuwa kitu cha kawaida katika nyumba za matajiri wa Ulaya. Ilitiwa kwenye vitufe vya piano na mipini ya visu, na mafundi walijua kuichonga. (Ni miaka ileile ambapo shehena za pembe zilikuwa zikipita Bagamoyo na Zanzibar kwenda kuuzwa ng'ambo.) Wagonjwa wa Gluck walikuwa wameliwa viungo na kifua kikuu, nayo maradhi yakarudi na kuviharibu viungo vipya. Wakubwa zake wakamkataza kuendelea kuutangaza utafiti wake.

Kisa kinachojulikana zaidi, hata hivyo, ni cha Uingereza, na kilianzia mezani. Katika miaka ya 1950, daktari John Charnley wa Manchester alimpokea mgonjwa aliyekuwa amewekewa kichwa cha plastiki ngumu kwenye mfupa wa paja, kwa mtindo uliobuniwa na ndugu wawili wa Ufaransa, Robert na Jean Judet, mwaka wa 1946. Nyonga ya mtu huyo ilikuwa ikilia. Kila alipoinama kidogo kuchukua kitu mezani, ilitoa mlio kama bawaba ya mlango usiotiwa mafuta, hata mkewe akawa hawezi kukaa naye chumba kimoja. Wengine wangalicheka na kuliacha jambo hilo. Charnley alisikia katika mlio ule habari ya msuguano: plastiki ilikuwa ikikwaruzana na mfupa, na kitu kinachokwaruzana hatimaye hulegea. Kuanzia hapo shughuli yake ikawa kutafuta kitu kitakachoteleza.

Alianza na Teflon, ile inayopakwa kwenye vikaango visishike chakula. Kuanzia 1958 aliwawekea wagonjwa wapatao 300 vikombe vya Teflon. Mwanzoni walitembea vizuri ajabu, wakamshukuru. Baada ya miaka michache vikombe vilisagika na unga wake ukaidhuru mifupa. Ilimbidi Charnley awafungue tena mmoja baada ya mwingine. Alijidunga hata yeye mwenyewe chembe za Teflon pajani ili aone mwili unavyozipokea.

Wokovu ulikuja mwaka wa 1962 kwa njia ambayo hakuna kamati ya utafiti ambayo ingaliipanga. Mchuuzi wa plastiki aliingia katika hospitali ya Wrightington akiwa na kipande cha polithini ngumu iliyokuwa ikitumiwa kutengeneza gia za mitambo ya kufuma nguo huko Lancashire. Charnley alikitazama akakidharau. Fundi wake, Harry Craven, hakukitupa. Daktari aliposafiri, Craven alikitia kwenye mashine ya kupimia usagikaji na kuiacha izunguke mchana na usiku. Charnley aliporudi, kipande kilikuwa kimesuguliwa kwa majuma matatu na kilikuwa hakijalika hata kiasi ambacho Teflon ililika kwa siku moja. Mwezi Novemba mwaka huo vikombe vya kwanza vya polithini viliingia katika miili ya watu. Saruji ya kuvishikiza, vilevile, ilikuwa dawa iliyotumiwa na watengenezaji meno ya bandia. Charnley alielekezwa na Dennis Smith, mtaalamu wa vifaa vya meno katika Chuo Kikuu cha Manchester. Jarida la Lancet lilipoutaja upasuaji wa nyonga kuwa upasuaji wa karne, mwaka wa 2007, lilikuwa likisifu, pamoja na akili ya daktari, sikio la mke aliyechoshwa na mlio na ukaidi wa fundi mmoja.

Hata ndani ya chumba cha upasuaji leo, dalili za asili hiyo hazijafutika. Kifaa cha kuchimbia kikombe cha nyonga kina meno mengi madogo kama kibati cha kuparia karoti. Mpwani angekifananisha na mbuzi ya kukunia nazi. Kichwa cha chuma huzunguka ndani ya kikombe chake kama mchi kinuni.

Nimesimulia haya kirefu kwa sababu kuna jambo ambalo hupita bila kuonekana. Maisha ya kawaida yaliyozaa viungo hivi yalikuwa maisha ya mahali fulani. Mgonjwa wa Charnley aliketi kwenye kiti kirefu, akala kwenye meza, akalala kitanda kilichoinuka, akaenda choo cha kukalia. Nyonga na goti vilivyobuniwa kwa ajili yake vilipimwa kwa maisha hayo.

Sasa chukua mfano wa ajuza wa Kajiado, tuseme pande za Namanga au Magadi, aliyevunjika shingo ya mfupa wa paja kwa kuteleza. Wanaohitaji upasuaji wa aina hii aghalabu huelekea Nairobi, Kikuyu au Kijabe. Upasuaji ukifaulu, huambiwa kwamba kwa majuma 6 hadi 12 asikunje nyonga kupita pembe mraba, asikae kiti kifupi, asichuchumae, asipishanishe miguu; akikaidi, kichwa cha chuma chaweza kuchopoka katika kikombe. (Baadhi ya madaktari siku hizi wamelegeza masharti hayo, hasa wanaopasulia upande wa mbele wa nyonga, lakini wengi bado huyatoa.) Ni ushauri mzuri. Kisha ajuza anarudi nyumbani. Nyumba ya Kimaasai, enkaji, ina mlango mfupi ambao mtu mzima hupita akiwa ameinama. Kigoda chake ni kifupi. Kitanda ni cha fito na ngozi, hakikuinuka sana kutoka ardhini. Choo, pale kilipo, ni cha shimo. Ng'ombe hukamuliwa mtu akiwa ameinama. Kila sharti alilopewa linavunjwa na nyumba yake mwenyewe kabla ya jua kutua.

Kwa goti mambo ni magumu vilevile. Goti bandia la kawaida hukunjika kufikia digrii 120 hivi, jambo linalomtosha mtu wa kupanda ngazi na kuketi ofisini. Kuchuchumaa kikamilifu kunahitaji zaidi ya hapo. Watengenezaji walianza kuuza magoti yanayokunjika zaidi mwishoni mwa miaka ya 1990, wakiwalenga hasa wateja wa Asia na Mashariki ya Kati, ambako watu hukaa chini, huchuchumaa na husujudu. Soko la huko lilikuwa kubwa, ndiyo maana likasikizwa. Kajiado haijawahi kuwa soko la namna hiyo.

Kuna pia suala la maji. Baadhi ya visima vya Kajiado vina floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani limekipendekeza, kwa sababu ya miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa. Wakazi wengi huijua floraidi kwa rangi ya kahawia kwenye meno ya watoto. Lakini mtu aliyeinywa kwa wingi kwa miaka mingi huathirika mifupa pia: kano hugeuka ngumu, uti wa mgongo na nyonga hukakamaa, na mfupa huwa mzito huku ukivunjika upesi. Kuna njia ya kuiondoa ambayo ingemfurahisha Smith-Petersen. Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru imekuwa ikichoma mifupa ya ng'ombe na kuutumia mkaa wake kuchuja floraidi katika maji. Kajiado, yenye machinjio kama yale ya Keekonyokie huko Kiserian ambayo tayari yanageuza kinyesi na uchafu wa wanyama kuwa gesi ya kupikia, haikosi mifupa.

Je, kuna mahali ambapo maisha ya watu wa chini yaliwahi kusikizwa na wabunifu? Yapo. Jaipur, India, mwishoni mwa miaka ya 1960, fundi sanamu Ram Chandra Sharma, ambaye hakuwa na elimu kubwa, alishirikiana na daktari P.K. Sethi kutengeneza mguu bandia. Miguu iliyoletwa kutoka ng'ambo ilihitaji viatu na haikumruhusu mkulima kuchuchumaa wala kuingia shambani penye tope. Inasimuliwa kwamba Sharma alipata wazo la mpira alipokuwa akiitazama baiskeli yake ikizibwa pancha kando ya barabara. Mguu wa Jaipur ni mguu wa aliyekatwa, si nyonga wala goti la kuwekwa ndani ya mwili, lakini somo la ushirika wa fundi na daktari ni lilelile la Craven na Charnley.

Karibu nasi zaidi, katika hospitali ya Mulago, Kampala, madaktari wa mifupa walikuwa wakitoboa mifupa kwa keke za mkono kwa kuwa mashine za hospitali ni ghali mno. Wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walianza kutumia keke ya umeme ya duka la vifaa vya ujenzi, ikifunikwa kwa mfuko maalumu unaoweza kuchemshwa na kutakaswa.

Simpendekezei fundi wa Kitengela afue nyonga. Chuma kinachokaa mwilini miaka 20 chahitaji madini, vipimo na usafi ambao hauwezekani kando ya barabara, na kiungo kilichoingia viini ni janga kwa mgonjwa. Lakini fundi huyohuyo anaweza kuchomelea kiti cha choo kilichoinuka kwa nusu siku. Katika nyumba nyingi za Kenya, kiti cha plastiki hukatwa tundu katikati na kuwekwa juu ya shimo. Kinafanya kazi, ila huyumba na kupasuka, na ajuza aliyetoka hospitalini hahitaji kuanguka tena. Kiti cha vyuma chenye mikono, kigoda kilichorefushwa, fremu ya kitanda, mlango wa enkaji ulioinuliwa: vitu hivi vyote vina mafundi wake tayari, na bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya kiungo kilichoagizwa kutoka Ulaya, Marekani au India.

Mjadala wetu kuhusu afya, tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 1, 2024, umekuwa juu ya nani atalipa na kiasi gani. Ni mjadala wa haki. Hata hivyo, bima inayolipia nyonga na kukataa kulipia kiti itakuwa imemrudisha mgonjwa kwenye meza ya upasuaji kwa mkono wake wenyewe, na upasuaji wa pili ni mgumu na ghali kuliko wa kwanza.

Malawi, nchi maskini kuliko yetu, ilianza mwaka wa 2005 kuandikisha katika daftari la taifa viungo bandia vinavyowekwa humo, ili madaktari wajue vipi vinadumu na kwa nani. Daftari la namna hiyo likifunguliwa kwa wagonjwa wa Kajiado, ningependa liwe na safu moja isiyopatikana katika madaftari ya Ulaya: urefu wa mlango wa nyumba, kwa sentimita.